Mafundi AC wa Dar, gesi sio dawa ya kila ugonjwa! Peugeot 504 ya marehemu mzee wangu ilijazwa mara nne na bado ikapuliza moto

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Miezi mitano nimezunguka na gari moja kwa mafundi AC wanne. Kinondoni, Tabata, Ilala, Mbezi. Wote wanne wamefanya kitu kile kile: boneti juu, mkono kwenye paipu, "gesi imeisha bosi", kopo, hela. 80,000, 70,000, 90,000, tena 80,000. Hiyo ni 320,000 ya gesi peke yake, na hapo sijagusa hela ya kufungiwa AC yenyewe.

Gari ni Peugeot 504 ya 1979, aliiacha mzee. Kiwandani ilitoka bila AC. Injini yake ilipokufa niliweka 3Y ya HiAce, viti nikashona upya, bodi nikanyoosha yote. AC niliifunga mwaka jana kwa sababu moja tu, mama. Ana miaka 74, kila baada ya wiki mbili nampeleka kliniki, na kwenye gari hiyo hataki kukaa nyuma. Kiti chake ni kile cha mbele alichokaa miaka yote mzee akiendesha.

Sasa Jumanne moja tumekwama Ubungo, foleni haisogei. AC nimewasha namba ya mwisho, na kinachotoka pale kwenye matundu ni hewa ya jikoni. Namwona mama anajifuta shingo kwa ncha ya khanga, yuko kimya. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, zima hiyo mashine, tufungue vioo tupate upepo wa Mungu." Siku tatu nyuma nilikuwa nimetoka kulipa 80,000 ya mara ya nne.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ugonjwa niliwaeleza wote wanne kwa mdomo wangu. Niliwaambia: fundi, nikiwa Bagamoyo Road spidi 80 ubaridi unakuja vizuri, nikisimama kwenye taa unageuka joto. Maelezo hayo ni nusu ya jibu! Gesi ikipungua inapungua ukiwa Bagamoyo na inapungua ukiwa Ubungo. Kinachobadilika zaidi gari likisimama ni upepo unaopita kwenye kondensa, ile kama rejeta ya mbele inayotupa nje joto la AC. Spidi 80 upepo unajileta wenyewe, ukisimama unategemea feni. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama feni.

Na hii kauli ya "gesi imeisha" ifike mahali mafundi waione aibu kuitamka. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka humo humo miaka na miaka. Kama imepungua, kuna mahali inavuja, kwenye oringi, kwenye hozi, kwenye sili ya kompresa (pampu inayozungusha gesi), na kazi ya fundi ni kutafuta hapo mahali. Maji ya sabuni tu yangetosha kuanzia. Ukijaza bila kutafuta, umeniuzia kitu unachojua kitatoka tena. Na kwangu ilikuwa mbaya zaidi, maana hakukuwa na uvujaji wowote. Kuna waliokuwa wanashindilia gesi juu ya gesi.

Ikabidi nijifundishe. Nikaenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye vipuri, nikanunua geji za bei nafuu, ile seti ya bluu ya presha ndogo na nyekundu ya presha kubwa, na kipimajoto cha kuchomeka kwenye tundu la hewa. Jumamosi saa saba mchana, jua kali, gari limesimama uani linanguruma. Kwenye tundu, nyuzi 21. Geji ya bluu inasoma psi 60, nyekundu 340! Kwa R134a, gesi iliyomo kwenye AC yangu, kwenye joto la nyuzi 32 hivi, bluu ilitakiwa iwe kati ya 30 na 40, nyekundu 200 hadi 250. Nikachukua hozi ya bustani nikaimwagia kondensa maji. Ndani ya dakika mbili nyekundu ikashuka hadi 250 na kwenye tundu ikasoma 14. Kompresa ni nzima, inasukuma. Kondensa ndiyo inashindwa kutupa joto.

Halafu nikachukua karatasi, ukurasa mmoja wa daftari la mwanangu, nikaushika mbele ya grili. Kwenye gari langu feni ya AC imekaa mbele ya kondensa, kazi yake ni kusukuma upepo kwenda ndani, kwa hiyo karatasi ilitakiwa ivutwe na kung'ang'ania grili. Karatasi ikapeperuka kuja kifuani kwangu, na hewa iliyoisukuma ilikuwa ya moto.

Feni imefungwa waya kinyume. Chanya kwa hasi. Motor ya aina hii ukigeuza waya inazunguka upande mwingine, basi. Kwa hiyo feni ya rejeta nyuma inavuta hewa kwenda kwenye injini, feni ya AC mbele inavuta hewa kuja nje, na kondensa ipo katikati haipati chochote. Barabarani upepo wa spidi unazishinda zote mbili, ndiyo maana Bagamoyo nilikuwa napoa. Nikachomoa soketi, nikageuza waya mbili. Kazi ya dakika kumi na praizi moja. Mafundi wanne. Miezi mitano.

Hapo nikapata fundi wa tano, mzee mmoja wa mafriji ambaye jirani alinielekeza. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Kijana, inapoa lini na inakataa lini?" Nilitaka kulia. Akaihamishia gesi yote kwenye mtungi wake, hakuiachia hewani, akaupima kwenye mizani. Kilo 1.3. Alipomaliza kazi yake alirudisha gramu 780, na hizo ndizo zinazopoza gari leo. Nusu kilo nzima ilikuwa ya ziada, imekaa humo inapandisha presha tu.

Wale wengine walifanyaje? Wawili walifungua paipu mbele ya macho yangu, ikalia shhhh mpaka ikaisha, wingu jeupe limejaa gereji, na hakuna aliyeshtuka. R134a inashika joto la dunia zaidi ya mara 1,300 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi. Mwaka 2016, hapo Kigali kwa jirani zetu, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za jamii hii, na huku kwetu mtu anaiachia kwenye uso wa mteja. Baada ya hapo wakajaza papo hapo bila kupiga vakyumu, yaani kunyonya kwanza hewa na unyevu wote. Hewa ya Dar ina maji mengi. Ukiyafungia humo ndani yanaganda kwenye valvu ya kupozea, njia inaziba, na yakichanganyika na gesi na oili yanazaa asidi inayokula kompresa. Yule mzee alibadilisha kwanza draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, akapiga vakyumu dakika 45, akafunga koki, akakaa kwenye kibao nusu saa akitazama kama sindano itarudi. Haikurudi. Ndipo akaanza kuingiza gesi kidogo kidogo, jicho kwenye geji zote mbili.

Na yeye ndiye aliyegundua jambo lililonitoa jasho kuliko yote. Swichi ya presha, ile inayozima kompresa presha ikizidi, mmoja wao alikuwa ameiruka kwa kipande cha waya. Sababu iko wazi, alishindilia gesi mpaka swichi ikawa inakata, na yeye badala ya kupunguza gesi akaiua swichi. Kwa hiyo mama yangu alikuwa anakaa nyuma ya mfumo wenye presha ya 340 usio na kitu cha kuuzima. Hozi ingepasuka tukiwa njiani ningemwambia nini?

Jambo dogo wenye magari ya aina hii mlikague: paipu za hita. Kwangu valvu ya hita ilikuwa haifungi vizuri, maji ya moto ya injini yanapita chini ya dashibodi wakati wote, hewa inapozwa halafu inapashwa tena. Nilibana hozi kwa praizi na kwenye tundu nyuzi tatu zikashuka. Nimeikata hita kabisa, Dar naitakia nini.

Leo nikisimama bila kutembea, bluu inasoma 35, nyekundu 225, kwenye tundu nyuzi 9.

Nilirudi kwa yule aliyenifungia AC, maana feni aliifunga yeye. Nikaenda na karatasi yangu na picha za geji. Jibu lake: "Mzee, hizi gari za zamani AC huwa hazikubali." Nikamwambia njoo ukae ndani. Akakataa kukaa. Hela pia akakataa kurudisha. Gari hilo hilo analosema halikubali lilikuwa linanguruma pale mbele ya gereji yake, maji yanadondoka chini kutoka kwenye evapureta, pale hewa inapopozewa, na vijana wake wanaweka mikono kwenye matundu na kutazamana.

Jina la gereji sitaliweka hapa, hela yangu naifuata kwa njia nyingine. Risiti ninazo mbili kati ya nne, wale wengine walinikatalia kuandika. Kama kuna mdau amewahi kurudishiwa fedha na fundi kwa kazi ya namna hii aniambie alianzia wapi, serikali ya mtaa au moja kwa moja mahakama ya mwanzo.

Na mafundi mliomo humu, nisaidieni moja: ukuta wa injini una matundu manne yaliyobaki tulipotoa injini ya zamani, joto linaingia miguuni kwa abiria wa mbele. Nimeziba kwa bati na silikoni ila bado nahisi vuguvugu. Mnatumia nini cha kuzuia joto kinachovumilia karibu na ekzosi, na Gerezani kinaitwaje? Kliniki ya mama ni Jumanne ijayo.