Santuri ya Talking Heads ya 1980, niuze au nibaki nayo? Naombeni ushauri

Mchovu wa Mbagala: Wakuu habari za jioni. Nina santuri ya Remain in Light ya Talking Heads, wale jamaa wa New York wa niu wevu, ile roki ya miaka ya sabini mwishoni. Imekaa ndani muda mrefu, ujanani niliisikiliza nikaona kelele tu za wazungu waliovurugwa. Juzi nimepata pleya nikaiweka tena, aisee. Upande wa kwanza una nyimbo tatu tu, hiyo ya tatu, The Great Curve, gitaa zinachakarika kama kayamba, waitikiaji wanapandiana kila mmoja na maneno yake, besi iko palepale unasubiri ihame haihami na wala huchoki. Sasa kuna jamaa anaitaka, bei kafika. Usingizi sipati. Niuze au nibaki nayo?

Kipanga77: Siti ya mbele, karanga ninazo.

Mzee wa Kaseti: Kijana hapo unamsikia Fela Kuti, yule Mnigeria wa Afrobeat. Mwimbaji wao David Byrne na produsa wao Brian Eno walikuwa wamezama kwa Fela kwelikweli, mpaka kuna kipande hawakukimalizia kinaitwa Fela's Riff, kilikuja kutolewa miaka mingi baadaye. Walienda Nassau kule Bahamas, studio ya Compass Point, wakajaza midundo kwanza, maneno Byrne akayatafuta baadaye. Mimi nilikuwa na kaseti ya Fela original nikamwazima jirani, hadi leo tukikutana msibani ananiambia bado anaitafuta.

Binti Pangani: "Imekaa ndani" ndani kwa nani? Mbona husemi uliipataje?

Mchovu wa Mbagala: Dada hilo sio la msingi.

Binti Pangani: Ndio la msingi sasa.

Mchovu wa Mbagala: Haya, ni ya shemeji, kaka wa mke wangu, aliinunua London 1979, akaiacha kwangu na makorokoro yake akasafiri. Ila hajawahi kuiulizia na anayeifuta vumbi ni mimi. Halafu jamaa keshanipa nusu ya hela na imeshaingia kwenye ada. Nimepanga nimnunulie shemeji ile ya mwanamama Angélique Kidjo, mwimbaji wa Benin, ya 2018, kairudia albamu yote wimbo kwa wimbo, na kwenye drams yumo Tony Allen aliyempigia Fela mwenyewe, kwa hiyo ukiangalia vizuri nakuwa nimempa iliyo bora zaidi.

Ustadh Mpole: Amana haigeuki mali yako kwa kuifuta vumbi. Mpigie shemeji leo.

Mzee wa Kaseti: Kidjo yuko vizuri. Alitoka Benin 1983 akaenda Paris, huko ndiko alikosikia Once in a Lifetime, wimbo wa humo humo kwenye Remain in Light, akasema huu muziki wa Kiafrika, wenzake wakambishia. Sasa kaurudisha nyumbani. Lakini santuri ya shemeji usiiguse bwana.

Fundi Redio: Ngojeni kwanza. London 1979? Remain in Light imetoka Oktoba 1980. 1979 walitoa Fear of Music. Hii chai, tena ya maziwa. Weka picha.

Mchovu wa Mbagala: Mkuu mwaka nimeambiwa, dukani sikuwepo. Kava lina sura nne zimefunikwa na rangi nyekundu, herufi A kwenye jina zimepinduliwa, nyuma kuna ndege za kivita.

Fundi Redio: Hayo hata mwanangu anagugo. PICHA.

Kipanga77: Labda shemeji ndiye chai 😂😂

Binti Pangani: Mimi hata iwe chai nataka kujua, mke anajua?

Mchovu wa Mbagala: Mambo ya ndani hayo. Picha naweka, chaji ndogo. Na nimeuliza niuze au nisiuze, naona wengi hamjakataa kabisa.

Ustadh Mpole: Nimekataa mimi hapo juu.

Fundi Redio: Jibu haraka bila kugugo, wimbo wa mwisho upande wa pili?

Mchovu wa Mbagala: The Overload. Mzito, wa taratibu, huo ndio bado haujaniingia, nikifika hapo nanyanyua sindano narudi mwanzo.

Fundi Redio: Sawa. Jamaa kakupa ngapi? Haina mikwaruzo? Njoo PM, naongeza.

Binti Pangani: Fundi!!