Kwa nini bomu la atomiki lilitangulia umeme wa nyuklia?

Msomaji wa Fizikia:
Ndugu wanajukwaa, ninafuatilia historia ya nishati ya nyuklia na kuna jambo linalonitatiza. Kinu cha kwanza cha nyuklia, yaani mtambo unaopasua viini vya atomu kwa mnyororo unaodhibitiwa, kilianza kufanya kazi Chicago, Marekani, tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Stagg Field, zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya bomu la Hiroshima. Ikiwa kinu kilitangulia bomu, kwa nini umeme ulichelewa hadi miaka ya 1950? Je, wanasayansi hawakujua namna ya kulitumia joto lile, au hawakutaka? Vitabu nilivyosoma husimulia habari za bomu peke yake na za umeme peke yake, kana kwamba hazikuwahi kukutana.

Mzee wa Maabara:
Ndugu yangu, kinu cha Chicago hakikukusudiwa kutoa nishati. Mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walipanga matofali ya grafiti (aina ya kaboni) pamoja na vipande vya metali ya urani ili wathibitishe jambo moja tu, kwamba nyutroni, yaani chembe ndogo zinazotoka katika kiini cha atomu kilichopasuka, zinaweza kupasua viini vingine na mnyororo huo ukajiendeleza wenyewe. Nguvu iliyopatikana siku ile ilikuwa nusu wati.

Historia hizo mbili zilikutana Hanford, katika jimbo la Washington, kando ya mto Columbia. Kinu B, kilichowashwa Septemba 1944, kilibuniwa kutoa megawati 250 za joto, na joto lote hilo lilihesabiwa kuwa taka. Kilichotafutwa ni plutoni, metali inayoweza kutengenezea bomu, ambayo hupatikana urani-238 (aina ya urani iliyo nyingi zaidi) inapomeza nyutroni. Maji ya mto yalipitishwa ndani ya kinu ili kukipoza, yakakaa kwa muda mfupi mabwawani, kisha yakarudishwa mtoni yakiwa bado na uvuguvugu. Kila ninaposoma habari za mto ule husikitika, maana nishati ambayo dunia ilikuja kuisubiri kwa miaka mingi ilikuwa ikimwagwa humo usiku na mchana.

Mpenda Historia:
Nakubaliana na Mzee, ila naomba kuongeza jambo ili msomaji asidhani kwamba kila bomu lilihitaji kinu. Bomu la Hiroshima lilitumia urani-235, aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, ambayo katika urani ya asili ni kama sehemu 7 tu kati ya 1,000, na kazi ngumu ilikuwa kuitenga. Hiyo ndiyo iliyofanyika katika viwanda vikubwa vya Oak Ridge, Tennessee. Tangu Machi 1940 wanafizikia Otto Frisch na Rudolf Peierls, wakiwa Birmingham, Uingereza, walikuwa wamekokotoa kwamba kiasi kinachohitajika kingepimwa kwa kilo na si kwa tani, na hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya wakuu wa Uingereza waamini kwamba silaha hiyo inawezekana. Plutoni ya Hanford ilitumika katika jaribio la tarehe 16 Julai 1945 huko New Mexico, na katika bomu la Nagasaki.

Tusisahau pia mawe yenyewe yalikotoka. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji, na zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zilikuwa zimekwisha kufikishwa New York kabla ya jeshi la Marekani kuzinunua mwaka 1942. Wachimbaji wa Shinkolobwe wanastahili kutajwa katika historia hii, na inaniuma kuona wanarukwa mara nyingi.

Msomaji wa Fizikia:
Nashukuru sana. Bado sijaelewa jambo moja: baada ya vita kwisha, kwa nini joto la Hanford halikuelekezwa kwenye mitambo ya umeme?

Mzee wa Maabara:
Kwa sababu maji yale yalitoka kabla ya kufikia kiwango cha kuchemka, ilhali mtambo wa umeme huendeshwa na mvuke wenye joto kali na shinikizo kubwa. Vinu vya aina nyingine vilipaswa kubuniwa, na serikali zilizokuwa zikishindana kwa silaha hazikuwa na haraka ya kufanya hivyo. Tarehe 20 Desemba 1951 kinu cha majaribio cha Idaho kiliwasha balbu 4. Tarehe 27 Juni 1954 kituo cha Obninsk, katika Muungano wa Kisovieti, kiliingiza umeme katika gridi, yaani mtandao wa kusambaza umeme, kikiwa na uwezo wa megawati 5.

Hata hapo umeme haukuwa umejitenga na silaha. Kituo cha Calder Hall nchini Uingereza, alichokifungua Malkia Elizabeth II mwezi Oktoba 1956, kilijengwa kwanza kwa ajili ya plutoni ya silaha, na umeme uliowafikia wananchi ulikuwa zao la pili.