Mjadala: Msimulizi wa filamu ni fundi, au ni mwizi wa kazi za watu?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wadau wa filamu, salaam. Naleta hoja ambayo najua itatugawa. Hawa wanaosimulia filamu za nje kwa Kiswahili, kuanzia Lufufu enzi za mikanda ya VHS hadi vijana wa leo ambao kazi zao tunaingiziwa kwenye flashi mtaani, tuwaweke kundi gani? Wapo wanaosema ni wezi, na sheria inawabeba: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri na nani aigeuze. Mimi nasema hawa ndio wachambuzi wa filamu wa kwanza ambao Watanzania wengi waliwahi kuwasikia, na kuwafungia bila kuwafungulia njia halali ni kuzika sanaa ambayo hatutaipata tena.

Tuitazame kazi yenyewe kabla ya kuihukumu. Chukueni Commando ya mwaka 1985, muvi iliyopigwa kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, hadi watu wakaikariri. Schwarzenegger ni John Matrix, kanali mstaafu anayeishi milimani na bintiye Jenny. Binti anatekwa ili baba alazimike kwenda kumuua rais wa nchi ya kubuni iitwayo Val Verde, apate kurudi dikteta Arius. Kwa asiyejua Kiingereza, mwanzo ule ni watu wanauawa, kisha baba na mtoto wanakula aiskrimu na kumlisha swala, halafu risasi tena. Msimulizi mzuri hazitupi dakika zile. Anakueleza kwamba steringi ameacha jeshi, anataka kumlea mwanawe kwa amani, na huyo anayempelekea balaa ni mtawala aliyepinduliwa na hajakubali kwamba zamu yake imekwisha. Mzee wa Bukoba aliyeishi vita vya Kagera akisikia hivyo haulizi swali la pili. Kuanzia hapo kila risasi ina sababu.

Huo ni uchambuzi. Anachambua huku filamu inatembea, kipaza sauti mkononi, mkono mwingine kwenye kitufe cha mixa: anaishusha sauti ya filamu anaposema, anaipandisha milango inapovunjwa. Anatambulisha wahusika, anakukumbusha sura uliyoiona dakika arobaini zilizopita, anakwambia mtu huyu anadanganya kabla hujagundua. Kuna wahakiki wenye shahada wasioweza kufanya hivyo kwa kuandika, sembuse papo kwa papo.

Wala si jambo la ajabu duniani. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi. Walisimama pembeni ya pazia wakaigiza sauti za wahusika na kueleza mambo, na watu walinunua tiketi kwa kufuata jina la benshi, si jina la filamu. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa benshi, na ndiye aliyemfungulia mdogo wake macho kuhusu filamu za nje. Sauti ilipoingia kwenye filamu kazi ile ikafa, na Heigo mwenyewe alijiua mwaka 1933. Leo Wajapani wanawaandikia benshi vitabu. Sisi wa kwetu tunasubiri wafe ndipo tuwaandikie?

Najua mtasema siku hizi kuna tafsiri rasmi. Ni kweli. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake kwa Kiswahili, hadi Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Azam nao wametuletea Waturuki wanaozungumza Kiswahili safi. Nazipenda. Lakini kule mwigizaji wa sauti anasema kilichosemwa basi. Haelezi kwa nini kimesemwa. Na mlango huo ni wa mwenye kituo cha televisheni. Kijana wa Tandale mwenye kipaji cha kusimulia hana ofisi ya kubisha hodi akapewa leseni kwa bei anayoimudu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, iweke utaratibu wa leseni ndogo kwa wasimulizi, ili wajulikane na walipie. Na mikanda ya zamani ikusanywe kabla ukungu haujaimaliza, iwekwe mahali watafiti na wasanii wataisikiliza. Karibuni.

Mchangiaji, Tanga

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtazamaji. Mimi ni mhariri wa filamu, nimekuwa kwenye kazi hii tangu tunauza DVD. Nikwambie ilivyokuwa. Tunakaa location wiki nzima, tunalisha watu, tunakodi taa na jenereta, halafu filamu inaingia dukani inapangwa kwenye shelfu moja na diski ya msimulizi yenye muvi sita za Kimarekani ndani yake, kwa bei pungufu ya yetu. Mteja atachukua ipi? Msambazaji wangu alinionyesha hesabu akaniambia tufunge. Tukafunga. Huyo unayemwita mchambuzi alikuwa mshindani wangu asiyelipia malighafi.

Hilo la pesa nitaliweka pembeni maana umeleta hoja ya sanaa. Sasa nikujibu kwa sanaa. Umechagua Commando kwa sababu inakufaa: ni filamu ya makelele, ukisema juu yake haipotezi sana. Chukua Titanic. Meli inazama, wanamuziki wamebaki sitahani wanapiga wimbo wa dini. Kamera inashuka chini, inatuonyesha wazee wawili, mume na mke, wamelala kitandani wamekumbatiana, maji yanapita chini ya kitanda. Hakuna anayesema neno. Mwongozaji na mhariri wake wamekaa juu ya sekunde zile wakizipima, picha ikae kiasi gani, fidla ipande lini. Mimi nimesikia zinasimuliwa zote, mwanzo hadi mwisho, mtu anatuambia wazee hawa wameamua kufa pamoja. Tunawaona! Alichofanya pale ni kuifuta kazi ya watu watatu: mpiga picha, mtunga muziki na mhariri.

Mtazamaji aliyekulia kwenye filamu za namna hiyo ukimletea filamu yenye ukimya anadhani imeharibika. Nimekaa ukumbini watu wanapiga kelele fundi aongeze sauti, kumbe ndiyo sini yenyewe.

Mchangiaji, Mombasa

Hapa kwetu Kenya ni DJ Afro, na nyinyi mnaomdharau hamjui alichofanya. Matatu ya masafa, kinyozi, hoteli ya chai, kote sauti yake. Mamangu hakusoma, lakini anaweza kukupa kisa kizima cha filamu za Jackie Chan na Jet Li na kukwambia ipi ilikuwa na maana na ipi ni ngumi tupu. Amepata wapi? Ndugu wa Tanga, lawama za soko mpe msambazaji wako na serikali iliyoacha kopi zikauzwa mchana kweupe. Msimulizi hakuvumbua wizi, aliukuta.

Mchangiaji, Dodoma

Naomba na mimi nisikike. Mimi ni kiziwi. Kwenye mjadala huu wote wawili mnagombania sauti, yule anataka ya msimulizi, huyu anataka ya fidla. Kwangu zote ni sawa. Nikitazama muvi ya msimulizi naona midomo inacheza na watu waliokaa nami wanacheka, namwuliza mdogo wangu kuna nini, ananiambia ngoja iishe.

Nachotaka ni maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Hata filamu zetu za Bongo, ukiona zina maandishi ni ya Kiingereza, kwa ajili ya wageni. Yaani mzungu ameandaliwa kuielewa filamu ya Kitanzania kuliko mimi Mtanzania. Kaka mwanzisha mada, ukienda kuomba hiyo leseni ya wasimulizi, weka sharti kwamba anayesimulia aandike pia. Maneno si anayo tayari?

Mchangiaji, Kampala

Sisi huku tunawaita VJ, na wengi wanasimulia kwa Kiganda. Nawaongezea jambo moja. Who Killed Captain Alex? ya mwongozaji Nabwana, iliyotengenezwa mtaa wa Wakaliga hapa Kampala mwaka 2010, inajulikana dunia nzima ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake. Anasifia mapigano, anaitangaza studio, anawachokoza waigizaji. Toleo lisilo na sauti yake halipo tena, kompyuta ilijaa likafutwa kupisha kazi nyingine. Kwa hiyo pale msimulizi si mwizi, ni sehemu ya filamu, na mwongozaji mwenyewe alimtaka. Lakini hapo hapo mhariri wa Tanga ana hoja: ukitaka leo kujua filamu ile ilikuwaje kabla ya VJ, huwezi.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Dada au kaka wa Dodoma, sharti lako nalichukua lote, na lingekuwa kwenye mada tangu mwanzo. Msimulizi akiandaa maneno yake kwa maandishi, kazi ya kuyaweka chini ya picha ni ndogo.

Ndugu wa Tanga, kuhusu wale wazee wawili kitandani sina ubishi. Msimulizi anayeongea pale hajui kazi. Lakini hapo umemlaumu msimulizi mbaya, hujaulaumu usimulizi. Mhariri mbaya naye anakata sini kabla machozi hayajatoka, na hatujasema uhariri ufutwe.

Sababu hasa iliyonifanya nilete mada hii ni filamu zinazotupita. Vibanda vimejaa Wamarekani, Wahindi, Wachina na Wakorea. Za Waafrika wenzetu hazifiki, kwa kuwa hakuna anayeona faida kuzileta kwa Kiswahili. Mfano ninaoushikilia ni Moolaadé ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 2004, iliyopata tuzo ya kitengo cha Un Certain Regard kwenye tamasha la filamu la Cannes. Imepigwa picha kijijini Burkina Faso, lugha kubwa ni Kibambara. Wasichana wanakimbia ukeketaji, wanajificha kwa mama mmoja, Collé Ardo. Yeye anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni pake, chini kabisa, hata mtoto anaivuka. Ila kwa mila ya pale kamba ile ni hifadhi, na hakuna mzee wala ngariba anayethubutu kuivuka hadi Collé mwenyewe atamke neno la kuifungua. Wanaume wanadhani redio ndizo zinazowaharibu wanawake, wanazikusanya zote, wanazirundika mbele ya msikiti na kuzichoma. Nyingine zinawaka huku bado zinaongea.

Hebu fikirieni filamu hiyo kibandani Tarime, kwa sauti ya msimulizi wa Mara anayejua msimu wa ukeketaji ukifika wasichana wanakimbilia nyumba salama. Asiyeelezwa maana ya kamba ile atatazama saa mbili akiona wazee wameogopa uzi. Akielezwa mara moja mwanzoni, kwa sentensi mbili, filamu nzima inafunguka. Pale panahitaji mtu wa kusema.

Na pana mahali panahitaji anyamaze. Mume wa Collé anamchapa mijeledi hadharani ili alitamke lile neno. Wanaume wanamhimiza apige, wanawake wanamhimiza Collé asianguke, naye amesimama kimya. Msimulizi akifungua mdomo pale nitakuwa wa kwanza kumlalamikia. Hicho ndicho kipimo ninachotaka: tuanze kuwahukumu kwa walichoeleza na walichokiacha, kama tunavyowahukumu waongozaji. Ukishamwita mwizi tu, humdai ubora wowote, na yeye hana sababu ya kujirekebisha.

Za kwetu nazo zimesahaulika vilevile. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kugombea Oscar, mwaka 2001. Yumo Profesa Amandina Lihamba. Waulizeni vijana mtaani kwenu kama wamewahi kuiona, au hata kuisikia.

Mchangiaji, Tanga

Kwenye kamba ya mlangoni umenipata. Ile hata mimi ningetaka nielezwe, na maandishi chini ya picha yasingenieleza kwa sababu hakuna mhusika anayesimama kuifafanua kwa ajili ya mgeni.

Ila sijahama. Kumpa leseni mtu ambaye jana aliniua soko bila kunilipa, halafu leo anaitwa msanii, hilo haliingii akilini mwangu. Kama COSOTA itaweka huo utaratibu, mimi nadai vitu hivi. Mwenye filamu aombwe kwanza, hata kama ni Sembène, ambaye amefariki lakini kazi zake zina wenyewe. Asikilize rekodi kabla haijauzwa. Aruhusiwe kuweka alama kwenye dakika ambazo hazisemewi, na msimulizi azitii. Na toleo lisilosimuliwa liuzwe pamoja na lililosimuliwa, kwenye flashi hiyo hiyo, mtu achague, yasije yakatukuta ya Wakaliga.

Mkiniletea msimulizi aliyekubali hayo manne, ninayo filamu moja niliyoihariri, nusu ya maneno yake ni Kisambaa, haijawahi kutoka nje ya Lushoto. Aanze na hiyo. Dakika zisizosemewa nitamwandikia mwenyewe.