Picha ya mzee wa Vietnam mmeigeuza, mmeikata, mkaiita "komandoo wetu Kagera 1979". Rudisheni mtu wa watu!

Wakuu, huku niliko ni saa saba usiku, nimetoka zamu na sijavua hata viatu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wangu wa mwaka jana wa picha za vita. Ule ulikuwa wa kufurahi. Huu nina hasira.

Kwa wageni: mimi nipo Marekani, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Mmoja wao ana miaka 76, nipo naye mwaka wa tatu sasa. Ujanani alikuwa Vietnam, kwenye vile vikosi vya doria za masafa marefu ambavyo wenyewe wanaviita Lurp. Ana boksi la viatu limejaa picha. Mwaka jana alikubali nizipige skani, nikamweleza kuna wenzangu nyumbani wanapenda historia, akachagua tisa kwa mkono wake na kunisimulia kila moja nani ni nani. Nikaziweka humu na maelezo yote, mkazipenda, tukajadili kurasa nane. Mzee alifurahi sana nilipomtafsiria maoni yenu. Mpaka leo nikiingia asubuhi anauliza, "Watu wa kwenu wamesemaje?"

Sasa. Jumamosi binamu yangu wa Mbagala kanitumia WhatsApp: "Bro, cheki komandoo wetu wa Kagera, hatari sana." Nafungua, nakutana na picha namba 4 ya Mzee!

Ipo kwenye ukurasa mmoja mkubwa tu wa "historia ya majeshi ya Afrika", jina silitaji, mnaoufahamu mnaufahamu. Maelezo yake: "Komandoo wa JWTZ akiwa msituni akijiandaa kumkabili Nduli, 1979." Laiki elfu kumi na kitu. Chini watu wanalia machozi ya uzalendo. Mmoja kaandika anamkumbuka kabisa, alikuwa jirani yao Musoma, alifariki 1994. Jirani yenu Musoma! Jamani.

Picha halisi ina watu wawili wamesimama mbele ya ukuta wa magunia ya mchanga, wote wamevaa bereti nyeusi. Kushoto kijana mwembamba wa kizungu, huyo ndiye Mzee. Kulia rafiki yake, Mmarekani mweusi, mrefu, ameshika bunduki kwa mkono mmoja na mwingine amemshika Mzee bega. Pembeni mwa karatasi kuna maandishi madogo ya studio iliyosafisha picha: MAR 70. Machi 1970, miaka tisa kabla ya Kampala kuanguka.

Walichofanya ni kumkata Mzee. Lakini wamemkata vibaya, kiwiko chake bado kinaonekana pale ukingoni, na vidole vya rafiki yake vimekamata hewa. Ukingo wenye tarehe nao wamekata. Kisha wakaigeuza picha nzima kushoto kulia kama unavyojiona kwenye kioo, nadhani ili tusiipate tukitafuta mtandaoni. Hapo ndipo walipojichongea wenyewe.

Tazameni kifuani. Yule ndugu ana beji ya Recondo, shule ya doria ya jeshi la Marekani, ile yenye umbo la kichwa cha mshale kinachotazama chini. Ilikaa mfuko wa kulia wa shati. Kwenye picha yao ipo mfuko wa kushoto. Tazameni bunduki. Ni CAR-15, mdogo wake M16, tundu la kutolea maganda ya risasi lipo upande wa kulia. Kwao limehamia kushoto. Na hiyo bunduki wameandika ni SMG! Mtu yeyote aliyewahi kupita JKT hata kwa miezi mitatu anaijua SMG ilivyo, magazini imepinda kama ndizi. JWTZ ya 1979 ilikuwa na silaha za Kichina na za Kirusi. CAR-15 waliitoa wapi, waliikopa kwa Nixon?

Nguo nazo. Mistari ile ya chui milia ilikuwa inashonwa na mafundi wa huko huko Vietnam, mtu anajinunulia au kikosi kinamtafutia, haikuwa sare rasmi ya jeshi la Marekani. Suruali ya Mzee ipo mpaka leo kwenye kabati, ndani ina mhuri A-L, maana yake saizi kubwa ya Kiasia, na kwa Mzungu ilikuwa inambana mapajani. Mniambie ni duka gani la Bukoba liliuza hizo.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo beji. Hawa jamaa wanaichukulia kama pambo. Shule ya Recondo ilikuwa mji wa Nha Trang, Vietnam, ilifunguliwa Septemba 1966 ikafungwa Desemba 1970, walimu walikuwa Kikosi Maalumu, Kundi la 5. Wiki tatu. Mnakimbia na mfuko wa mchanga mgongoni, mnajifunza ramani, redio, kuita mizinga, na mtihani wa mwisho ni doria ya kweli kwenye msitu wenye adui wa kweli. Ukifeli unaweza usirudi. Mzee mwenyewe beji hiyo hana, hakupelekwa. Rafiki yake alikuwa nayo na alikuwa anamtania nayo kila siku. Siku ya picha aliisugua beji kwa mate ionekane vizuri. Hilo Mzee kanisimulia mara tano, kila mara na yeye anasugua kidole kifuani.

Nimefungua boksi tena jana, tukaangalia tisa zote. Kwenye picha za msituni kabisa, ambazo ni mbili tu tena zimefifia, hakuna mtu mwenye beji. Hakuna bereti, hakuna utepe wa begani wenye jina la kompani, hakuna alama ya tai ya Divisheni ya 101, divisheni yao. Uso umepakwa rangi, kofia ya kitambaa, basi. Hata vile vibati vya jina shingoni walivifunga kwa utepe mweusi wa gundi visigongane. Watu watano au sita wanashushwa na helikopta mahali ambapo adui ndiye mwenye njia, wanakaa siku nne, tano, wananong'ona tu. Mbeba redio, ile PRC-25 ya kilo kama kumi, kuna wakati haongei kabisa, kambini wanamuuliza kama wapo salama na yeye anabonyeza kitufe mara mbili. Kazi yao kuhesabu wanaopita na kurudi na habari, na wakilazimika kufyatua risasi basi mambo yameshaharibika. Kwa hiyo ukiona picha ya Lurp aliyepambwa, ujue ipo kambini. Ndiyo maana neno "msituni" kwenye maelezo yao ni uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Pale ni kambi ya Camp Eagle, karibu na mji wa Hue, nyuma ya hayo magunia kuna choo.

Tukija kwenye biashara yao. Maana hawakuishia kwenye picha! Wanauza fulana, na wanauza utepe wa begani "original wa makomandoo" kwa shilingi 35,000. Binamu yangu kanunua miwili, ndiyo maana alikuwa na bashasha vile. Nikamwambia upige picha mbele na nyuma unitumie. Umeandikwa J CO RANGER, yaani Kompani J ya Ranger.

Nilicheka mpaka bibi wa chumba cha pili akaamka.

Wakuu, Kompani J haijawahi kuwepo Vietnam. Hizi doria zilianza rasmi Julai 1966, Jenerali Westmoreland, kamanda wa Wamarekani kule, alipoagiza kila divisheni iwe na kikosi chake. Mwanzoni mwa 1969 zote zikawekwa chini ya Jeshi la Miguu la 75 kama Ranger, kila moja ikapewa herufi. Vietnam zilikuwa kompani 13, kuanzia C mpaka P, na J iliruk­wa. Jeshi la Marekani lina desturi ya kuiruka J kwa sababu kwa mwandiko inafanana na I. Mzee alikuwa Kompani L, ile ya Divisheni ya 101, doria zao zilikuwa bonde la A Shau kule mpakani mwa Laos. Sasa chukua herufi L, igeuze kwenye kioo. Unapata nini? Fundi wao katazama utepe kwenye picha iliyogeuzwa, kaona kitu kama J, akashona J. Kwa hiyo kuna vijana Dar wanatembea na bega lenye kompani iliyozaliwa kwa kugeuza picha ya wizi.

Na ushonaji wenyewe, mnisamehe. Ukingo mnene wa mashine, nyuzi za polista zinang'aa kama kanga ya harusi. Utepe wa Mzee umeshonwa na fundi wa mtaani kwa cherehani, pamba, umekatwa kwa mkasi, herufi G imelala na kwa nyuma nyuzi zinaruka kutoka herufi hadi herufi. Najua bidhaa feki zipo kila mahali, hata Saigon kwenyewe soko la Dan Sinh linauza viberiti vya Zippo "vya wanajeshi" ambavyo vimechongwa juzi. Lakini muuzaji wa Dan Sinh anajua anachoiga. Hawa wanaiga wasichokijua.

Nikamwandikia admin kwa heshima kabisa. "Mkuu, habari, picha hii ni ya mzee fulani, mtu aliyemo si Mtanzania, naomba urekebishe maelezo." Akanijibu baada ya siku mbili: "Picha za vita hazina mwenyewe. Acha roho mbaya, tunatukuza mashujaa wetu." Nikamtumia picha kamili yenye tarehe. Akanibloku.

Hazina mwenyewe? Ukitaka picha zisizo na mwenyewe, nenda nyaraka za taifa za Marekani, kule College Park, Maryland, zipo tele zilizopigwa na wapiga picha wa jeshi na hulipii. Hii ilipigwa na kijana wa kikosi kwa kamera ya Instamatic, akampa Mzee nakala. Na yule ndugu mwenye beji hakumaliza wiki saba baada ya hapo. Sitaandika jina lake humu kwa sababu Mzee kaniomba nisiandike, ana dada yake bado hai. Jina lipo kwenye ule ukuta mweusi wa Washington, wenye majina zaidi ya 58,000. Mzee alishanipeleka na kiti chake cha magurudumu, jina lipo chini, ilibidi mimi ndiye nipige magoti nilipake penseli kwenye karatasi yeye akishika juu.

Ndiye huyo mliyemwita jirani wa Musoma.

Na mimi si kwamba siwapendi wapiganaji wetu. Baba yangu mdogo alikuwepo Kagera, alivuka Kyaka na miguu yake. Anayo picha moja tu, imeliwa na mchwa nusu, amekaa juu ya sanduku la risasi na kandambili. Kandambili, wakuu! Hana bereti, hana beji. Hakuna ukurasa uliowahi kumfuata kumuuliza. Wazee kama yeye wamejaa Kagera na Mara, na picha zao zipo kwenye mabegi chini ya vitanda. Ni kazi ya nauli na daftari tu.

Na kama shida yenu ni lazima awe mtu mweusi, lazima pawe na msitu, basi mababu zetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) walikuwepo Bama (Burma). 1944, masika ya huko, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw ndani ya matope na malaria mpaka Kalewa. Begani walikuwa na alama ya kichwa cha kifaru. Kifaru, mnyama wetu! Picha zao zipo, nyingi zimeandikwa "askari wa Kiafrika" bila jina. Hao ndio wanaotafuta majina. Nyie mmechukua aliyekuwa na jina mkalifuta.

Ninachotaka: picha itoke, au iwekwe nzima na maelezo ya kweli. Binamu arudishiwe 70,000 yake. Na humu ndani kama kuna anayemfahamu fundi, amwambie aache kushona hiyo J.

NYONGEZA, nusu saa baadaye: mdau kanistua kwamba ile posti imefutwa. Nikashangilia. Kumbe wameirudisha upya, safari hii wameitia rangi kwa programu, ile beji ya mshale wamegeuza mwenge wa uhuru, na nyuma ya yule ndugu, palipokuwa na magunia, wamepanda migomba. Kiwiko cha Mzee bado kipo, kimetokeza kwenye mgomba.

Kesho saa mbili asubuhi nina zamu kwake. Ataniuliza kama kawaida watu wa kwenu wamesemaje. Wenye picha za skrini za ile posti ya kwanza kabla haijafutwa, ziwekeni hapa chini nizihifadhi.