Nina ng'ombe wawili tu tena wa ndani, nimepewa siku 14 niwaondoe!

Wakuu habari za jioni, sijui hata nianzie wapi maana nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Leo asubuhi nakamua, ndoo iko katikati ya magoti, wanaingia watu watatu mmoja kavaa sare za mgambo, wananikabidhi barua kwamba niondoe mifugo ndani ya siku 14 kwa sababu eneo ni la makazi. Basi. Hakuna kifungu, hakuna sheria namba ngapi, hata kosa lenyewe ni harufu au nzi au kelele halijatajwa. Nikamuuliza mkubwa wao, baba nimevunja nini? Ananijibu "mama, majirani wanalalamika". Jirani yupi? Kimya. Na bandani hajaingia hata kuchungulia!

Mimi nipo hapa Dar kwenye hiki kiwanja tangu 2004, kulikuwa na mikorosho na njia ya miguu. Ng'ombe wangu chotara hawajawahi kuvuka geti, majani nawaletea kwa toroli, sakafu ni zege lenye mteremko, mkojo wote unaishia shimoni, na samadi kila Jumamosi vijana wa mchicha kule bondeni wanakuja kuizoa. Kibali ninacho na nakilipia kila mwaka. Kanuni za kilimo cha mijini za 1992 zilisema ng'ombe wasizidi wanne, wafugwe ndani, usichunge mjini. Sasa mimi wawili nimezidisha nini??

Wale mbuzi wanaozurura mpaka kituo cha daladala na kumaliza miche ya watu hawaguswi, maana wana wenyewe. Mimi mjane ndo wa kuonewa.

Miaka ya 80 mishahara ilipokuwa haitoshi hata wakubwa serikalini walifuga ng'ombe Oysterbay, leo sisi ndo tumekuwa uchafu wa mji. Na nyumba tatu zinazonizunguka zote zinachukua maziwa kwangu, kama kuna anayekereka si angenigongea tukaongea?

Ng'ombe mmoja ana mimba ya miezi saba. Dalali kashapita jioni hii, bei aliyotaja sitaki hata kuiandika.

Siuzi. Naandika barua ya kupinga usiku huu huu, mwenye kujua inaanzia kwa mkurugenzi au kwa nani aniambie, na mwenye hizo kanuni karibu naomba anipe namba ya kifungu.