Bata wa bwawa la Ngwazi: simu inasema ni wa baharini, mnisaidie

Kijana_wa_Mafinga
Wakuu kamwene. Jumapili nilikuwa bwawa la Ngwazi huku Mufindi, ukungu ndo unaanza kupanda nikaona bata sita katikati ya mayungiyungi, wadogo, wa kahawia, kichwa kikubwa, mgongo umeinuka kama mtu aliyejikunyata na baridi, halafu pale mdomo unapoanzia pana doa jeupe. Nimekaa kama nusu saa hakuna hata mmoja aliyepanda nchi kavu. Nikaipa picha ile programu ya kutambua ndege ikaniambia ni skota jike, bata wa baharini. Sasa bahari iko wapi huku jamani?

Mama_Chai
Hao si bata maji tu mwanangu. Swali, wananona?

Darubini_Kuukuu
Mama 😂😂 waache kwanza.
Mkuu, simu imekudanganya ila naona ilipojikwaa. Skota wanataga huko Skandinavia na Siberia, baridi ikizidi wanashuka baharini wanazamia kome, huku kwetu hawafiki. Jike wao ni kahawia na shavu limepauka, basi simu imeona weupe usoni ikaropoka. Mimi nasema huyo ni bata mgongo mweupe, kitaalamu Thalassornis leuconotus. Ila tusikimbilie, kuna Netta erythrophthalma, yule ambaye dume lake lina macho mekundu, jike lake nalo lina weupe mwanzo wa mdomo ila lina na mwingine unapinda nyuma ya jicho kushuka kooni kama mwezi mchanga. Wako alikuwa na doa moja au zaidi? Aliruka?

Kijana_wa_Mafinga
Moja tu. Kuruka hapana, ngalawa ya mvuvi ilivyokaribia wakazama, nikahesabu mpaka kumi na nane ndo wakaibukia mbali huko.

Darubini_Kuukuu
Ndo tabia yake hiyo, heri azame kuliko kuruka. Na mgongo mweupe usiutafute akiwa majini, mbawa zinaufunika, unaonekana akiruka tu, hapo ndo wengi wanakosea wanasema siyo yeye. Vuta picha uangalie ubavuni, kuna michirizi myeusi na ya kahawia hafifu?

Kijana_wa_Mafinga
Ipo! Kama kitenge kilichopauka. Nafuta skota kwenye daftari.

Mama_Chai
Swali langu halijajibiwa.