Watoto wangu wa chekechea wanasema bodaboda ina uhai ila mwarobaini hauna, nisaidieni

Ticha wa Makorora ameandika:

Habari za jioni wadau, wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga mjini, nina watoto 41, wengi wana miaka minne na mitano. Mwezi huu tuko kwenye viumbe hai na visivyo hai, nikaona kabla sijafundisha chochote niwasikie kwanza wanajua nini. Nikauliza mbuzi ana uhai? Ndiyo mwalimu! Kuku? Ndiyo! Bodaboda? Ndiyooo! Nikauliza kwanini, mmoja akanijibu kwa sababu inanguruma na inakunywa mafuta. Jua nalo likawa na uhai kwa sababu linatembea, asubuhi liko huku jioni liko kule. Nikawatoa nje nikawaonyesha mwarobaini wetu uani, kimya, alafu mmoja akasema huu hauna uhai mwalimu, umesimama tu.

Basi nikasema hawa niwaoteshee mbegu waone kwa macho yao. Nikanunua maharage dukani, nikaomba wazazi vikopo vya mtindi, nikaweka pamba, kila mtoto akatia maharage yake mawili na maji, hiyo ilikuwa Ijumaa. J3 tumefungua darasa harufu inatupokea mlangoni, maharage yamevimba yameoza yana ukungu mweupe, vikopo 41 vilivyotoa kitu ni 6 tu. Watoto wakalia. Kuna mmoja mkimya sana hata kujibu jina lake huwa anasuasua, akanishika gauni akaniambia "mwalimu, yangu imekufa".

Lile neno limenikaa mpaka leo. Kama imekufa si ina maana kwenye akili yake ilikuwa hai? Nilitaka nimshike papo hapo niendelee nae ila nilikosa la kusema, nikamwambia tu usilie tutapanda nyingine. Sasa naomba mnisaidie, nilikosea wapi kwenye mbegu, na hii habari ya uhai naielezaje kwa mtoto wa miaka minne bila kumkaririsha zile sifa saba kama wimbo?

Mkulima Pongwe ameandika:

Mwalimu pole na hongera kwa moyo huo. Mie ya kufundisha watoto siijui, nakujibu ya mbegu.

Mbegu inapumua, hilo ndilo lililokuponza. Pamba iliyozama kwenye maji haina hewa, mbegu ikaamka ikakosa pumzi ikaoza, na joto letu hili likamalizia, siku mbili tatu zimefungiwa chumbani hakuna wa kuziangalia. Alafu maharage ni zao la baridi, yanastawi Lushoto huko milimani, huku pwani yanateseka, na ya dukani hujui yamekaa ghalani muda gani. Chukua kunde au choroko. Choroko unailoweka usiku mmoja, asubuhi unamwaga maji yote unaifunika na kitambaa kibichi, siku ya pili unaona mkia mweupe umetoka, ule ndio mzizi. Kunde ukiipanda kwenye udongo kwa joto la Tanga siku ya tatu au ya nne inachungulia.

Na usianze tena Ijumaa! Loweka J2 nyumbani, J3 wapande, ili mambo yatokee wakiwa darasani. Toboa vikopo chini, changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri, panda mbegu tatu kila kopo ili hata mbili zikikataa mtoto asikose. Kama maji yenu ni ya kisima onja kwanza, visima vya karibu na bahari vingine vina chumvi na mche mchanga hauiwezi.

Kingine na hiki tafadhali usikipuuze, zile mbegu za paketi zenye rangi ya pinki au kijani zimepakwa dawa, usiwape watoto washike. Na kama shule ina ua wa mbono au kuna nyonyo inaota pembeni, mbegu zake ni sumu, watoto wasiziokote kuchezea.

Bi Mkubwa Chumbageni ameandika:

Marahaba mwanangu. Nimefundisha vidudu miaka 27, sasa nimepumzika nalea wajukuu.

Kwanza usiwaone wanao wajinga. Yule Mswisi Piaget tuliyesomeshwa chuoni aliliandika hili miaka ya 1920, kwamba mtoto mdogo akiona kitu kinajiendea anakipa uhai, jua, mawingu, mto. Kwa hiyo ukimwambia hapana bodaboda haina uhai, atakariri kwa ajili yako na moyoni ataendelea na lake. Muulize. Bodaboda ilikuwa ndogo ikakua? Imezaliwa na bodaboda gani? Mimi swali langu lilikuwa la kidonda. Wana vidonda hao, magoti yote yamechubuka, mwambie aonyeshe goti lake lilivyopona, alafu mtoke nje muangalie mwembe au mwarobaini uliowahi kukatwa tawi, pale pana kovu limejiziba lenyewe. Kisha nendeni mkaangalie bodaboda iliyokwaruzwa, je ule mkwaruzo wiki ijayo utakuwa umepona? Waache wakaangalie tena wiki ijayo, kweli waende. Nimeona watoto wamekaa mbele ya pikipiki wanaikagua rangi kama mafundi, na jibu wakalipata wao.

La pili, tafuta kifauongo. Kipo kwenye majani majani pembezoni mwa njia na kwenye mashamba, kina viua vya zambarau kama vipamba. Kiguse, kinafumba majani, ukikiacha kama dakika kumi hadi ishirini kinafumbua tena. Huyo anayesema mti umesimama tu, mpeleke akakiguse kwa mkono wake usimwambie kitatokea nini. Kina vimiiba, angalia vidole.

La tatu ndio kubwa, huyo mtoto wako mkimya. Somo lote la viumbe hai kalisema yeye kwa maneno mawili. Kopo lile usingelitupa. Ulikuwa unakaa nae mnaichambua ile mbegu iliyooza, mnaitia pembeni ya ile iliyoota, unamwonyesha, hii ilitaka hewa ikakosa, hii ilipata. Ndani ya mbegu mna mche mdogo umelala na mama yake kaufungia masurufu ya safari, zile nusu mbili nene ndio chakula chenyewe. Kwenye kunde utaziona zinapanda juu pamoja na mche alafu zinasinyaa taratibu kwa kuwa chakula kimeliwa. Usiwafiche watoto kufa kwa mmea, usiingie darasani usiku ukabadilisha kopo lililokufa ili asubuhi wafurahi. Wenzangu wengi walikuwa wanafanya hivyo kwa huruma, mimi nilikataa.

Na choroko usiziache mezani ovyo. Mwaka mmoja darasani kwangu mtoto alijitia moja puani, ikanywa majimaji ya humo ikavimba, mpaka hospitali. Zihesabu ukigawa, zihesabu ukikusanya.

Baba Sabra ameandika:

Nawasalimu wote. Nisionekane mkorofi ila naongea kama mzazi. Binti yangu yuko chekechea moja hapa mjini, nalipa ada kwa shida, kila siku anarudi na udongo kwenye sare, nikimuuliza leo mmesoma nini ananiambia tumemwagilia. Mwezi wa pili huu. Mwakani anaingia la kwanza, wenzake wanajua kuandika majina yao. Kupanda kunde si angejifunza kwa bibi yake Muheza likizo bila ada? Naomba walimu mnieleweshe maana sielewi.

Mama Nasra ameandika:

Kaka yangu baba Sabra umeuliza vizuri na uchungu wa ada tunaujua sote. Mimi mwanangu alipita kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anafanya hivi na nikuambie nilichokiona.

Mwalimu alileta ukindu, huu wetu wa kusukia mikeka. Kila J3 mtoto anausimamisha pembeni ya mche wake anaukata sawasawa na urefu, anaubandika ukutani chini ya jina lake, wiki ijayo anaubandika mwingine pembeni yake. Wiki ya nne ukuta mzima ni ngazi zinapanda. Hapo mtoto ameshajua ndefu na fupi, zaidi na pungufu, anahesabu majani yake, na jina lake alilijua kuliandika kwa sababu lazima aweke kwenye kopo lisije likachukuliwa na mwenzake. Wangu herufi ya kwanza aliyoiandika bila kushikwa mkono ni N ya kwenye kopo la kunde! Kwa hiyo muulize mwalimu wa Sabra kama wanapima na kuhesabu na kuandika, kama wanamwagilia tu basi una haki ya kusema, na umwambie kwa upole.

Alafu neno lenyewe kindergarten ni Kijerumani maana yake bustani ya watoto, na Fröbel aliyeliita hivyo mwaka 1840 alikuwa kweli anawapa watoto vijishamba vyao wenyewe walime. Kwa hiyo udongo umekuwepo kwenye chekechea tangu siku ya kwanza.

Nyumbani kwangu ikazua mambo. Nilikuwa nachuma mchicha wa jioni akanishika mkono, mama unaumia! Ikabidi tukae chini tuongee kwamba tunachuma majani tunaacha shina lichipue. Siku nyingine kamuona babu yake anapanda mhogo, anakata mti vipande vipande anachomeka ardhini, akauliza babu mbona umeukata na haujafa, na mbegu iko wapi. Babu mwenyewe amelima miaka yote hiyo akaniambia hili swali sijawahi kuulizwa.

Ngamiani Mwisho ameandika:

Naongezea kidogo kwa bi mkubwa, kwa heshima zote bibi. Kifauongo ni kizuri ila kina mtego, mimi wangu walitoka pale wanasema huu ndio wenye uhai kwa sababu unasogea, mwembe bado hauna! Yani nikawa nimewathibitishia kosa lao. Kwa hiyo usiishie hapo. Weka kopo la kunde dirishani, siku mbili tatu mche wote umeinamia nje, ligeuze uangalie ndani, waambie kesho na keshokutwa tuje tuone, utarudi wenyewe kufuata mwanga. Hapo wanaona kwamba mimea yote inasogea ila polepole, jicho halikamati.

Na wape kazi ya nyumbani, aliye karibu na mkwaju amwombe mzazi amtoe nje usiku na tochi, aangalie majani. Mkwaju usiku unafumba majani yake. Wazazi wenyewe wengi hawajawahi kuliona hilo na wamekulia chini ya mikwaju.

Baba Sabra ameandika:

Mama Nasra nimekuelewa, ahsante dada yangu. Nimemuuliza mwalimu wake leo asubuhi kwa upole kama ulivyosema, wanapima kwa uzi, mimi ndio sikuwahi kuingia darasani nikaona. Sabra ana majani saba.

Ticha wa Makorora ameandika:

Wadau nimerudi, leo ni siku ya 16. Bibi yangu wa Chumbageni, mkulima, mama Nasra, Mungu awalipe.

Nilifanya kunde, mbegu tatu kila kopo, tukapanda J3. Alhamisi asubuhi kabla hata ya kengele wako mlangoni wananivuta, mwalimu imetoka imetoka imebeba kofia! Ile kofia ni ganda la mbegu limening'inia juu ya mche, nami sikuwahi kuliangalia. Vikopo 38 vimeota. Nimewagawa vikundi vinane vya kupima na ukindu, kila mmoja kumpimia peke yake nilishindwa, watoto 41 na mimi mmoja, mwenye njia nyepesi aniambie.

Kifauongo tulikipata nyuma ya uwanja wa mpira. Walipiga kelele mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Na kweli ilitokea kama alivyosema Ngamiani, wakasema huu tu ndio hai, kwa hiyo wiki hii tuko dirishani na makopo, tumeyageuza jana, leo miche imeshaanza kurudi. Kuna watoto wawili bado wanashikilia bodaboda ina uhai, sijawabishia, tumeweka alama ya chaki pembeni ya mkwaruzo kwenye pikipiki ya mlinzi na kila Ijumaa tunakwenda kuuangalia.

Yule mkimya wangu kopo lake ni katika yale matatu yaliyokataa. Nilipoliona moyo ulinishtuka jamani, mara ya pili, kwanini yeye, nikakaribia kufanya lile alilosema bibi tusifanye, nibadilishe kopo usiku. Sikubadilisha. Asubuhi tukakaa nae chini ya mwarobaini tukamwaga udongo kwenye gazeti, mbegu zote tatu laini zimeoza, na kopo lake halikuwa limetobolewa chini, nililisahau mimi. Nikamwambia kosa ni langu, maji hayakuwa na pa kutokea. Akazigusa moja moja, akaniuliza, hazikupumua? Nikamwambia hazikupumua. Akaenda akaleta msumari aliouona mimi nikitobolea, akanipa na kopo, akasimama pale pale mpaka nikatoboa matundu manne, akayahesabu.

Kapanda J3 hii. Leo jioni wakati wa kuondoka alikuwa bado kaliinamia kopo, mama yake anamwita.